TAHADHARI: Gari linalogonga linanyamazishwa kwa oili nzito, kisha unauziwa

Kwa yeyote anayetafuta gari la mkononi, hasa IST, Vitz, Raum au Spacio: kuna mchezo unaochezwa na baadhi ya yadi na madalali wa mitandaoni, na unawaumiza watu waliojinyima miaka. Gari ambalo injini yake inagonga linamwagwa oili, linajazwa oili nzito kupita kiasi, injini inaoshwa mpaka inang'aa, halafu linapigwa picha na tangazo linatoka: "Namba D, injini haijaguswa, bei maelewano." Ukienda kulijaribu, linanguruma vizuri. Siku unapobadilisha oili na kuweka ile inayotakiwa, kugonga kunarudi, na simu ya dalali haipokelewi tena.

Mchezo wenyewe uko hivi. Konrodi, yaani chuma kinachounganisha pistoni na krenkshafti (mhimili unaozunguka chini ya injini), imeshika krenkshafti hiyo kupitia beringi mbili nyembamba za nusu duara. Kati ya beringi na krenkshafti kuna nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, na ndani yake oili inapita kwa presha ili chuma kisiguse chuma. Beringi ikilika, nafasi inapanuka, presha inashuka, na kila pistoni inaposukumwa chini konrodi inapiga: ko-ko-ko. Oili nzito inajaza ile nafasi kama godoro. Sauti inafifia, lakini ugonjwa uko palepale. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST nyingi za cc 1,500, inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na oili yake ni nyepesi, mfano 5W-30. Wanachoweka hawa ni oili ya gia boksi ya SAE 140 iliyochanganywa na 20W-50, au makopo mawili matatu ya dawa nzito kama asali.

Tuwe wakweli: 20W-50 peke yake si ushahidi wa utapeli. Wapo wenye magari yaliyotembea sana wanaoitumia miaka yote kwa nia njema. Kinachotafutwa hapa ni uzito usio wa kawaida, na unaupata kwa vidole na pua. Kabla gari halijawashwa, chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha polepole. Oili nyepesi inakatika mara moja. Iliyochakachuliwa inavutika uzi kama ute wa bamia, na haina haraka ya kudondoka kwenye ncha ya kijiti. Halafu inuse. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti ambayo oili ya injini haina, na ukishaijua hutaisahau.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kama kina joto, kuna kitu hawakutaka ukisikie: cheni ya taimingi inayokwaruza kwa sekunde chache ikiwa baridi, au moshi wa bluu wa mpira wa valvu uliokufa. Ahirisha, rudi siku nyingine.

Sasa washa ufunguo bila kupiga stata. Ile taa nyekundu yenye mchoro wa birika lazima iwake. Isipowaka, waya umekatwa au balbu imetolewa. Wengine huiunganisha na taa ya chaji ili zizimike pamoja injini ikiwaka, kwa hiyo usiridhike na taa tu. Fundi wako atoe swichi ya presha ya oili na afunge geji ya mkono mahali pake. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kama psi 10 (kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Kwa 2,500 unatarajia karibu psi 25. Ikisoma psi 8, mazungumzo yameisha.

Usikubali maamuzi ya injini ya baridi peke yake. Kugonga kwa konrodi kunajitokeza zaidi oili ikipata moto na kulegea. Endesha dakika 30 angalau, redio imezimwa, AC imezimwa, kioo chini, upite barabara yenye ukuta karibu ili sauti ikurudie. Kisha simama, panda mpaka 2,500, shikilia, achia ghafla. Konrodi inasikika hasa pale unapoachia, sauti nzito itokayo chini kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Mlio mwembamba wa tik-tik unaotoka juu, kwenye kifuniko cha valvu, huo ni wa tapeti (vyuma vidogo vinavyosukuma valvu), na mara nyingi unarekebishika. Muuzaji atakuambia kila sauti ni "tapeti tu". Fundi achomoe soketi za nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye silinda) moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Kugonga kukipungua silinda fulani inapozimwa, beringi ya konrodi ile ndiyo inayoshukiwa kwanza. Tapeti haibadiliki hivyo.

Kipimo kinachowaumbua zaidi ni hiki: omba kubadilisha oili kabla ya kununua. Lita 4 za 5W-30 na filta mpya, unalipa wewe. Andikeni kwanza kwenye karatasi na msaini kwamba ikigonga baada ya hapo hudaiwi chochote, maana wapo watakaosema umewaharibia gari. Mwenye gari zima hana cha kupoteza. Anayekataa kwa ukali amekujibu.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate kopo kwa msumeno wa chuma, toa karatasi yake, ikamue, ikunjue juani na uigeuzegeuze. Ukiona vumbi linalometameta kama la rangi ya fedha au shaba, pitisha sumaku. Lisiponasa, hiyo inaelekea kuwa beringi inayolika, kwa sababu beringi ni risasi, shaba, bati au aluminiamu. Likinasa, ni chuma, na chuma hutoka kwenye ringi, silinda, cheni au krenkshafti yenyewe.

Kwa aliyekwisha kuuziwa: usiliendeshe. Hata "polepole mpaka gereji" usijaribu, ita brekidauni. Leo pengine unahitaji seti ya beringi na kupima krenkshafti kwa maikromita. Baada ya kilomita chache zaidi krenkshafti inakuwa na mikwaruzo, inapelekwa kuchongwa na kufungwa beringi nene zaidi za saizi ya milimita 0.25. Ukiendelea, beringi inazunguka ndani ya konrodi, konrodi inakatika na kutoboa bloku. Hapo hakuna ovahoo, injini imekufa, na oili inamwagika juu ya eksozi ya moto, kitu kinachoweza kuwasha gari zima.

Fikiria hilo likitokea ukiteremka mlima mkali kama Kitonga au Sekenke, lori liko nyuma yako. Injini ikizima, hydrovac ya breki (kifaa kinachokusaidia kusukuma breki) inabakiwa na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti na ushikilie, usipampu. Stelingi ya pampu ya mkanda inakuwa nzito ghafla. Weka gia N, au kanyaga klachi kama ni manyuo, washa hazadi, toka barabarani. Ufunguo usiurudishe mpaka mwisho, stelingi itajifunga ukiwa kwenye mwendo.

Kuna na mafundi wanaoshiriki. Wanafungua sampu, wanachomeka kipande cha kopo la soda nyuma ya beringi iliyolika ili nafasi ipungue, wanafunga. Kipande kinasogea, kinaziba tundu la oili, na kifo kinakuja haraka kuliko kama wasingegusa. Ukikuta silikoni mbichi inayong'aa kuzunguka sampu ya gari ambalo "halijawahi kufunguliwa", uliza nani alifungua na kwa nini. Fundi wa kukagua umchague wewe, umlipe wewe, na asiwe "yule hapa jirani" anayependekezwa na dalali.

Kishika uchumba usitoe kabla ya ukaguzi, hata ukiambiwa kuna mteja mwingine njiani. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku ilinganishwe na ya kwenye kadi ya gari. Tangazo lipigwe picha ya skrini siku ya kwanza, kabla halijafutwa, na maneno "injini nzima, haigongi" yaingie kwenye mkataba wa mauziano pamoja na kilomita zinazosomeka siku hiyo. Ukienda polisi na jumbe, mkataba na filta iliyokatwa ndani ya mfuko, una cha kuonyesha.