Daftari la majina ya vyombo vya angani vya filamuni: kurasa 148, shilingi 15,000, Mtwara mjini

Linauzwa kwenye duka la steshenari maeneo ya Chikongola. Waliolikusanya ni mashabiki wa filamu za anga wa Mtwara mjini na Mikindani. Limechapwa A4 pande mbili na kufungwa kwa spairo ya plastiki, jambo jema, maana spairo ya waya kwa chumvi ya hewa yetu haimalizi masika bila kutu. Ukitaka faili la Excel unakwenda na flashi yako na kuongeza 3,000. Chukua vyote viwili, na sababu nitaieleza.

Kila chombo kina safu sita: jina, namba ya usajili, kundi, mwaka kilipoonekana mara ya kwanza, asili ya jina, na ushahidi. Safu hii ya mwisho ndiyo inayolipatia daftari thamani. A maana yake jina au asili yake imetajwa au imeandikwa ndani ya filamu yenyewe. B, mchoraji au mwandishi wa filamu amelieleza mwenyewe. C, mashabiki wamekisia. Orodha nyingi za namna hii huchanganya vyote vitatu, na msomaji anabeba kisio kama ukweli.

Mfano mzuri ni Constellation, NCC-1017, ya Star Trek, hadithi ya Kimarekani ya safari za angani ya televisheni na filamu, iliyoonekana 1967. Asili ya jina: frigeti ya Marekani iliyoshushwa majini 1797, mwaka uleule na Constitution, jina ambalo kundi zima la vyombo hivi limelichukua. Kisha wanaeleza namba. Chombo kile kilikuwa kisanamu cha plastiki cha dukani, cha Enterprise, chombo kikuu cha hadithi hiyo, kilichounguzwa na kubondwa kionekane kimepigwa vita. Stika zilizokuja nacho zilikuwa za 1701, namba ya Enterprise. Wakazipanga upya, ikawa 1017. Ndiyo maana haina maana kutafuta mantiki ya usajili kati ya namba hizo mbili, na daftari linamwambia hivyo msomaji waziwazi.

Upande wa Enterprise yenyewe umefanyiwa kazi kubwa zaidi. Rasimu ya 1964 ya Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, iliita chombo Yorktown, jina la manowari ya kubeba ndege iliyozama vitani 1942. Enterprise nayo ilikuwa manowari ya vita hiyohiyo, ila yenyewe ilinusurika. Halafu mshale unageuka: 1976 chombo cha kwanza cha Marekani cha aina ya shato (space shuttle, kinachotua kama ndege), kilichokuwa kiitwe Constitution, kikapewa jina Enterprise baada ya mashabiki kumiminia Ikulu ya Marekani barua. Hakikwenda anga za juu kamwe. 1977 kiliachiwa kutoka mgongoni mwa ndege kubwa kujaribu namna ya kutua. Jina limetoka baharini, likaingia kwenye hadithi, likarudi kwenye chuma. Ukurasa huu peke yake umechorwa kwa mkono, na umependeza.

Hapohapo ndipo lilipo kosa kubwa la daftari. Herufi NCC wamezieleza kuwa ni kifupi cha mkataba wa ujenzi wa meli, na wameipa A. Hiyo ni tafsiri iliyokuja baadaye. Matt Jefferies, aliyekichora chombo, alieleza kuwa alichanganya alama za usajili wa ndege za Marekani na herufi za Urusi ya Kisovieti, na tarakimu alizichagua kwa sababu zinasomeka haraka: 3, 6, 8 na 9 alizikataa kwa kuwa kwa mbali zinafanana. Hiyo ni B safi. Ichukue kalamu ufute.

Filamu za Alien zimekaa vizuri. Nostromo ya 1979 ni jina la riwaya ya Joseph Conrad ya 1904. Chombo chake kidogo cha kujiokolea kinaitwa Narcissus, meli ya riwaya nyingine ya Conrad ya 1897. Na Sulaco ya 1986 ni mji uliomo ndani ya hiyo Nostromo. Majina matatu kutoka kwa mwandishi mmoja, tena aliyekuwa baharia, hayawi bahati tu. Kinyume chake, Endurance ya 2014, ya filamu ya Interstellar, wameipa C ingawa kila mtu anaihusisha na meli ya Shackleton, mvumbuzi wa Antaktika, iliyozama 1915, kwa sababu filamu yenyewe haisemi. Huo ndio uaminifu ninaoutaka.

Vyombo vidogo vya Deep Space Nine, kituo cha angani cha Star Trek, vina majina ya mito: Ganges, Rio Grande, Orinoco, Mekong, Volga, na hata Rubicon, kijito cha Italia kinachojulikana kwa sababu Kaisari alikivuka. Ruvuma haumo, na waandaaji hawakuuchomeka. Lakini Yangtzee Kiang "wameisahihisha" ikawa Yangtze. Hapana. Ubavuni imeandikwa kwa e mbili, na kazi ya orodha ni kunakili kilichoandikwa ubavuni; maoni juu ya tahajia yakae kwenye safu ya asili.

Mapenzi ya nyumbani yamewashinda kwenye Zheng He ya 2020, chombo kingine cha Star Trek. Chombo hicho kimepewa jina la amiri wa Kichina wa karne ya 15 ambaye misafara yake ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Waandaaji wameandika kwamba alitia nanga Kilwa, wakaipa A. Kumbukumbu zinazotegemewa kwa misafara ile ni za Mogadishu, Barawa na Malindi. Kilwa ina heshima yake ya kutosha bila kuongezewa, iandike C.

Kwa lugha, wamechagua maneno ya pwani na yamewatumikia: chombo, omo (mbele), tezi (nyuma), nahodha. "Daraja" wameliacha wakatumia "kundi", uamuzi sahihi, maana daraja lingegongana na jina la chumba cha kuongozea chombo, kwa Kiingereza bridge. Chombo kilichobadilishwa jina kinapatikana kwa majina yote mawili, kama vile mtu anavyoweza kuitafuta Liemba au Graf von Goetzen na kukuta meli ileile. Hivyo São Paulo inakupeleka Defiant.

Sasa faili la Excel. Ukipanga kwa namba utaona NCC-1701 inatangulia NCC-638, kwa kuwa safu nzima ni maandishi na programu inalinganisha herufi baada ya herufi. Igawe safu katika tatu: kiambishi, tarakimu peke yake zikiwekwa kama namba, na herufi ya mwisho (ile D ya 1701-D). Pia "USS" imo ndani ya jina, kwa hiyo karibu nusu ya vyombo vimerundikana kwenye U. Tafuta "USS" pamoja na nafasi inayofuata, ubadilishe kuwa tupu. Ukisahau nafasi, kila jina litabaki na pengo mbele na mpangilio utaharibika tena. Kazi yote ni dakika kumi, na baada ya hapo faili linapita daftari kwa manufaa.

Kabla ya kulipa, fungua kurasa 61 hadi 64. Nakala kadhaa zimefungwa hapo juu chini.

Ukurasa wa mwisho si wa chombo, ni wa Uhura, afisa mawasiliano wa Enterprise. Jina lake limetokana na uhuru, na jina lake la kwanza, Nyota, lilitamkwa kwenye filamu kwa mara ya kwanza 2009. Katika orodha ya vyombo hastahili kuwemo, lakini ningesikitika wangemwondoa.

Marekebisho wanapokea dukani, kwa karatasi: jina la chombo, episodi, dakika na sekunde, na ubora wa nakala uliyotazama. Nakala zilizobanwa sana za kuwekewa kwenye flashi hazifai, 1 na 7 hazitofautiani. Za kutafsiriwa nazo hazifai, sauti ya mtafsiri inafunika jina linapotamkwa. Bila dakika na sekunde hawapokei.