Padi ya PS4 kwenye PC: DS4Windows au Steam?

Naona watu wananunua padi mpya ya PC wakati ya PS4 ipo droo inakula vumbi, kwa hiyo ngoja niseme ninavyoona mimi baada ya kutumia njia zote mbili za kuichezea kwenye PC, programu ya DS4Windows na Steam, lile duka la gemu za PC. DualShock 4, yaani hiyo padi ya PS4, ni ya tangu 2013 lakini mkononi bado iko poa sana, hasa kwa gemu za mpira na za kupigana. Kinachosumbua ni Windows. Unaichomeka, inaitambua vizuri tu kwa jina la Wireless Controller, unafurahi, unafungua gemu... kimya. Au inaitika ila vitufe vimevurugika, unabonyeza mraba inafanya kazi ya kitufe kingine kabisa. Yaani padi haijafa wala nini, ni kwamba gemu nyingi za PC zinasikiliza XInput, mfumo wa Microsoft uliokuja na Xbox 360, na padi ya Sony haiongei hiyo lugha, so lazima awepo mkalimani katikati.

DS4Windows ndo mkalimani ninayempenda. Ni ya bure, unadaunlodi zip, unaifungua kwenye folda unayotaka na kuianzisha, mara ya kwanza itakuomba uweke draiva inaitwa ViGEmBus, weka tu, hiyo ndo inatengeneza padi ya Xbox ya kubuni ambayo gemu inaiona. Baada ya hapo raha tupu: ile tachpadi inakuwa mausi, rangi ya taa unachagua, chaji iliyobaki unaiona, kila gemu unaweza kuiwekea profaili yake. Kasoro? Mwonekano wake umejaa vitu, mtu mgeni anafungua anaona seting mia anataka kufunga. Pia gemu zitakuonyesha A B X Y badala ya msalaba na duara, sababu zinaamini umeshika ya Xbox. Siku mbili tatu unazoea.

Kuna kitu kimoja kinatesa watu sana humo, ukibonyeza chini kwenye menyu inaruka mistari miwili. Hapo gemu inaona padi mbili kwa wakati mmoja, ile halisi na ile ya kubuni. Dawa yake ni programu ya HidHide, inaficha ile halisi gemu ibaki na moja. Na tafadhali, kama DS4Windows inafanya kazi basi zima Steam Input (mkalimani wa Steam yenyewe) kwa hiyo gemu, ukiwasha vyote viwili unajitafutia yaleyale.

Steam sasa. Kama gemu zako zote ziko Steam, kusema kweli huhitaji kitu kingine. Sapoti ya padi ya PS4 ipo tangu mwisho wa 2016, unaingia kwenye setings sehemu ya kontrola, unawasha ya PlayStation, basi. Hata gemu ya nje unaweza kuiongeza kwenye laibrari ukaifungulia humo, nyingi zinakubali, ila zile za Microsoft Store huwa zinagoma na hapo ndo DS4Windows inakula pointi zangu zote.

Waya au Bluetooth? Anza na waya ujue padi ni nzima, ila angalia, waya nyingi za micro-USB ni za chaji tu hazipitishi data, taa ya chaji itawaka na PC haitaona kitu, watu wanaishia kulaumu draiva bure. Kwa Bluetooth shika Share na kitufe cha PS pamoja mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka, halafu itafute kwenye PC. Kama inakatakata na unatumia kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye USB (dongle), kihamishe mbali na poti za USB 3.0, zinaingilia mawimbi ya 2.4 GHz, bora poti ya mbele au waya wa kuongezea. Jeki ya hedfoni kwa Bluetooth isahau. Na ukitaka kurudi PS4 lazima uichomeke tena kwa waya sababu inakumbuka mashine moja tu.

Mwenye DualSense ya PS5 mambo ni yaleyale, waya wake ni USB-C, ila zile triga zinazokaza unazipata kwenye gemu zinazosapoti tu, na nyingi zinataka waya.

Maksi zangu: DS4Windows 9, Steam 8. Kama hauna padi kabisa na hutaki stori za draiva, chukua ya Xbox yenye Bluetooth (zilianza na Xbox One S mwaka 2016, utaitambua plastiki ya pale kwenye kitufe cha Xbox ni moja na uso wa padi), unachomeka unacheza.