Miezi minane na pedali tatu na mkono wa gia: uzoefu wangu

Nilinunua kwa mkono wa pili seti ya usukani wa michezo ya mbio za magari, pamoja na pedali tatu na mkono wa gia sita ambao huuzwa kando, kwa shilingi 34,000. Mke wangu alipiga hesabu hiyo kwa mbuzi akapata wanne, na hadi leo mgeni akiuliza kile kitu kilichofungwa kwenye meza ya chumba cha pili, jibu lake ni kwamba ni mbuzi wanne. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa kuwa seti za bei hii zinafanana sana na malalamiko yangu yanahusu aina nzima. Sababu ya kuinunua ilikuwa moja tu. Gari ninalotumia kila siku hapa Nakuru ni Probox ya otomatiki, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekaa miaka saba bila kazi, nami nilitaka kubadilisha gia mwenyewe tena.

Mchezo ninaoutumia zaidi ni Assetto Corsa wa kampuni ya Kiitaliano ya Kunos Simulazioni, uliotolewa rasmi kwa kompyuta mwaka 2014. Umezeeka, lakini kompyuta yangu ya mapajani inaumudu bila kuhema. Jambo la kwanza analopaswa kufanya mwenye pedali tatu ni kuingia kwenye mipangilio na kuzima visaidizi vitatu: kile kinachobadilisha gia chenyewe, kile kinachokukanyagia klachi, na kile kinachopandisha mizunguko ya injini kwa niaba yako unaposhusha gia. Visaidizi hivyo vikiwa vimewashwa, pedali ya kushoto inabaki kuwa pambo. Vikizimwa, mchezo unakuwa mkali ghafla. Ukisukuma mkono wa gia bila klachi, gia inakataa kuingia na gari linabaki fri, yaani bila gia yoyote, isipokuwa pale ambapo mizunguko ya injini inakaribiana na ile inayohitajiwa na gia unayoiingiza. Kipengele hicho kimoja, kwa maoni yangu, ndicho kilichohalalisha gharama yote.

Kuondoka na kupanda gia hakukunisumbua sana. Mazoea ya shule ya udereva yalirudi baada ya siku mbili: ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi, vuta gia, achia klachi, rudisha mafuta. Kosa langu lilikuwa kuachia mafuta kwa kuchelewa, hivyo injini ikawa inapiga kelele katikati ya kila gia kama mbuzi aliyefungiwa. Ilinibidi niende polepole makusudi, nikihesabu hatua kwa sauti, hadi miguu miwili ilipoanza kwenda pamoja.

Kushusha gia ndiko kulikonipotezea wiki tatu nzima. Nilichagua BMW M3 ya zamani, ya kizazi kiitwacho E30, gari la gia tano linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na uwanja wa Mugello nchini Italia, ambao mwisho wa mwendo wake mrefu ulionyooka kuna kona ya kulia iitwayo San Donato. Unafika pale ukiwa kwenye gia ya tano, unakanyaga breki kwa nguvu, na ndani ya muda mfupi sana unatakiwa uwe umeshuka hadi ya tatu au ya pili. Kila nilipoachia klachi, sehemu ya nyuma ya gari ilinitangulia mbele na nikajikuta kwenye changarawe nikitazama nilikotoka. Nilidhani breki ni mbovu. Nikazipunguza nguvu, mambo yakawa yale yale.

Chanzo kilikuwa hesabu ndogo. Chukua mfano kwamba gia ya nne inazungusha injini mara 5,000 kwa dakika katika mwendo fulani, na kwamba gia ya tatu, kwa mwendo ule ule, inahitaji mara 6,500. Ukikanyaga klachi na kuachia mafuta, injini haibaki kwenye 5,000. Inashuka hadi 3,000 au chini ya hapo. Ukiachia klachi wakati huo, kuna mtu anayepaswa kuipandisha injini hadi 6,500, na mtu huyo ni magurudumu ya nyuma, ambayo tayari yamepunguziwa uzito kwa sababu gari limeinamia mbele kwenye breki. Yanazidiwa, yanapoteza mshiko, na gari linageuka. Dawa yake ni kugusa mafuta kidogo wakati klachi iko chini, ili injini ifike juu kabla ya kuunganishwa. Kwa kuwa mguu wa kulia uko kwenye breki na wa kushoto kwenye klachi, huo wa kulia unalazimika kufanya kazi mbili: nusu ya wayo inaendelea kubana breki, na ukingo wake wa nje unagusa pedali ya mafuta.

Hapo ndipo vifaa vyenyewe viliponiangusha. Pedali ya mafuta ya seti yangu iko mbali na ya breki, na breki ikibanwa sawasawa haishuki kiasi cha kulingana nayo, hivyo mguu wangu ulikuwa ukipapasa hewa. Nilichonga kipande cha mbao nyembamba, nikakifunga juu ya pedali ya mafuta kwa vifungo vya plastiki, kikatokeza kama sentimita mbili kuelekea breki. Halafu kulikuwa na suala la sakafu. Sakafu yetu ni ya vigae, na kila nilipokanyaga breki kwa dhati, kisanduku kizima cha pedali kiliteleza hadi ukutani nami nikakifuata na kiti changu cha magurudumu. Sasa kisanduku kimefungwa kwa skrubu kwenye ubao, ubao umeegemezwa ukutani, na kiti nimekibadilisha na cha mbao cha jikoni. Anayetaka kununua seti kama hii aiweke gharama ya ubao katika bajeti yake.

Katika mwezi wa nne, kipindi cha kiangazi, gari lilianza tabia mpya: nikikanyaga mafuta, mizunguko inapanda lakini mwendo hauongezeki, kama gari ambalo klachi yake imekwisha. Nilifungua ukurasa wa kupima pedali nikakuta mstari wa klachi unatetemeka kati ya asilimia 6 na 11 ilhali mguu wangu ulikuwa kwenye zulia. Kwa lugha nyingine, mchezo uliamini kwamba nimeikanyaga klachi kidogo wakati wote. Ndani ya pedali mna potenshomita, kifaa kidogo kinachopima umbali wa mguu kwa kusugua kipande cha chuma juu ya njia ya kaboni, na vumbi likiingia humo kipimo kinayumba. Jina lenyewe la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, kwa hiyo sikuhitaji kumtafuta mchawi. Nilifungua skrubu sita, nikapuliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, nikaikanyaga pedali mara hamsini kwa mkono, na mstari ukatulia kwenye sifuri. Nimerudia kazi hiyo mara moja tangu wakati huo.

Mtihani mkubwa zaidi aliutoa mjomba wangu, ambaye aliendesha lori kwa miaka mingi kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, zama ambazo giaboksi nyingi za malori hazikuwa na kitu cha kusawazisha mwendo wa meno ya gia.

"Karibu ujaribu, mjomba," nilimwambia.

Alivua viatu, akakaa, akauliza breki ni ipi, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwa kila gia aliyoshusha alikanyaga klachi, akaweka fri, akaachia klachi, akagusa mafuta, akakanyaga klachi tena, ndipo akaingiza gia. Dabo klachi kamili, tena bila haraka. Gari halikutikisika hata kidogo. Alikuwa na mwendo wa kwenda sokoni, na mzunguko wake mmoja wa uwanja ulichukua muda mrefu kuliko wangu kwa zaidi ya dakika, lakini hakukosa gia hata moja, ilhali mimi nilikuwa nimeshakosa mamia.

"Mpwa wangu, kitu hiki hakina uzito," alisema alipoinuka. "Klachi ni kama kukanyaga sifongo. Na mkono wa gia haukwambii kitu. Gia ikitaka kukataa, mkono huanza kutetemeka kabla. Huu unanyamaza tu."

Nilimwonyesha kwamba unaweza kuteremka mlima ukiwa fri na mchezo usikuadhibu. Hakucheka. Alisema wenzake waliofanya hivyo pale Salgaa, mteremko wa barabara hiyo hiyo unaojulikana kwa ajali za malori, ili kuokoa dizeli anawajua, na akaomba chai.

Nakubaliana naye kuhusu uzito. Klachi ya seti hii ni springi tupu ambayo ugumu wake ni ule ule kuanzia juu hadi chini, wala hakuna mahali ambapo mguu unaisikia ikianza kushika. Mahali pa kubalansi unapatafuta kwa sikio na kwa jicho, kwa kutazama mshale wa mizunguko ukishuka. Wala gari halijawahi kunizimikia hata nilipoachia klachi kama mwehu, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa udereva ni hasara.

Kuna jambo la kuzingatia kabla ya kulipia mkono wa gia. Magari mengi ya kisasa ya mashindano hayana kazi nao. Magari ya daraja la GT3 hubadilisha gia kwa vishikizo vya nyuma ya usukani, na klachi inahitajika wakati wa kuondoka tu. Hata kwenye mchezo wa EA Sports WRC wa mwaka 2023, ambao una Safari Rally yetu, magari ya Rally1, daraja la juu kabisa, yana gia tano za mfuatano: unavuta mkono mmoja nyuma kupanda, unausukuma mbele kushuka, basi. Mtu anayetaka kurusha vumbi tu atosheke na usukani na pedali. Mkono wa gia ni wa anayependa magari ya zamani.

Umeme nao. Usukani unatumia umeme wa ukutani, kompyuta ina betri. Umeme ukikatika, usukani unalegea mkononi kama kuku aliyechinjwa huku gari likiendelea na safari yake kwenye kioo kwa kilomita 180 kwa saa.

Mwezi uliopita shemeji aliniachia pikapu yake ya gia za mkono tukapanda nayo kwenda Menengai. Kwenye mwinuko tulisimama nyuma ya bodaboda iliyobeba magodoro. Niliachia klachi upesi, kama nilivyozoea mezani, na pikapu ikaruka na kuzimika. Mara ya pili niliinua mguu taratibu, nikasikia pedali ikisukuma wayo na pua ya gari ikiinuka kidogo, nikaachia hendibreki, tukaondoka. Kushuka niliingiza ya pili kutoka ya tatu kwa kugusa mafuta, na shemeji, ambaye alikuwa akipiga gumzo na mke wangu, hakukatiza sentensi yake.

Shemeji anataka kuinunua seti kwa shilingi 30,000. Bado sijamjibu.