Risiva ya FT8 ya kujitengenezea: pesa peleka kwa antena

Niaje wasee, karibuni tena. Hii bodi mnaiona hapa mezani ni risiva ya kujitengenezea ya FT8, ile njia ya redio ya ridhaa ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, vipuri vyake unatafuta Luthuli Avenue, Nairobi, na chenye hakipo unaagiza, na leo naichambua juu watu wananiuliza kama kweli kabodi kadogo hivi kanaweza kushika stesheni za mbali. Kanashika.

FT8 ilitoka 2017, waliounda ni Joe Taylor na Steve Franke, na kazi ngumu yote inafanywa na kompyuta. Mtu anatuma ujumbe mfupi kwa vipindi vya sekunde 15, toni nane, upana hezi 50 tu, halafu programu ya WSJT-X inauchimbua hata ukiwa chini ya kelele kwa desibeli 20 hivi, yaani kwa sikio husikii kitu lakini kwa skrini unaona stesheni imejiandika. Sasa bodi inabaki na kazi moja, kushusha mawimbi ya 14.074 MHz yawe sauti. Chipu ya SA612 inachanganya mawimbi, chipu ya Si5351 inatoa masafa ya kuchanganyia, Arduino (kompyuta ndogo ya bodi) inaiambia Si5351 itoe masafa gani, chipu ya LM386 inakuza sauti kabla iingie kwa tundu la maiki la laptopu. Na chungeni, SA612 inataka volti 4.5 mpaka 8, so betri ya 9 msiiunganishe moja kwa moja, pitishieni regyuleta ya kushusha volti.

Chenye sijapenda, inashika juu na chini ya 14.074 pamoja, kelele ya upande wa chini inaingiliana na mawimbi unataka. Kuitoa inabidi saketi iwe kubwa, kwa mtu anaanza sioni haja.

Lakini inaniuma sana kuona mtu ananunua bodi baada ya bodi na shida iko kwa antena. Dipoli, yaani antena ya waya mbili, ya hii bendi ni kama mita 5 kila upande, waya wa kawaida unatosha, itandaze juu ya paa mbali na nyaya za stima. Hizi ploti zetu za Umoja na Pipeline, chaja za simu na balbu za LED zinapiga kelele mbaya, na hiyo ndio inameza stesheni. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri, uone mistari inavyoongezeka kwa skrini.

Saa ya kompyuta pia iseti kwa intaneti, ikipotea sekunde tatu hivi husomi kitu.

Kama wewe ni mwanafunzi ama unaanza, itengeneze. Kama uko na redio nzuri ya HF (mawimbi mafupi) tayari, usijisumbue na bodi, nunua waya.