Miaka mitatu na Forester SG5 Mwanza: stika ilisema kweli, dalali hakusema

Kabla hujaniuliza Forester langu linakula lita ngapi, nikuambie aibu yangu kwanza. Mimi ndiye mtu ambaye majirani wa Bugarika wakitaka kununua gari wananipigia simu. "Kaka, nimeona Premio namba D, twende ukaniangalizie." Naenda, nalala chini ya gari na shati langu, nagonga bodi kwa kidole nisikilize palipopigwa lipu, nachomoa kijiti cha oili nanusa. Watu kadhaa wamelala na pesa zao kwa sababu yangu. Lakini siku ya kununua langu, Aprili 2022, nilikwenda kama kijana anayepelekwa kumwona mchumba: nikaangalia sura, nikarudi nyumbani nasifu.

Gari lenyewe ni Subaru Forester SG5 (kizazi cha pili cha Forester) la mwaka 2006, injini ya lita 2.0 isiyo na tabo (kifaa cha kuiongezea injini nguvu), gia otomatiki za hatua nne, rangi ya fedha. Dalali alisema limetembea kilomita 96,000, na dashibodi ikamuunga mkono. Tulianzia milioni 12, tukavutana juani, nikalipa milioni 10 na laki nane. Hata matairi sikuyaangalia vizuri. Mimi huyu.

Ugonjwa wangu ni wa zamani. Mwaka 1997 dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiwa na Subaru Impreza ya buluu yenye namba 555 za njano. Nilikuwa mtoto, nikakata picha ile kwenye gazeti nikaibandika ukutani kwa ugali wa moto, na ilikaa pale mpaka mende walipoila. Baadaye nikaja kujua kwamba jina Subaru kwa Kijapani ni zile nyota ambazo sisi tunaziita Kilimia, ndiyo maana kwenye pua ya gari kuna nyota kubwa moja na ndogo tano: kampuni tano zilizoungana miaka ya 1950 kuwa Fuji Heavy Industries. Wazee walitazama Kilimia wajue mvua iko wapi. Mwanza mvua ikinyesha, mimi pia naitazama, ila naitazama kwenye boneti.

Maana huku kwetu mlimani mvua ndiyo inayochagua gari. Bugarika tunaishi juu ya mawe na katikati ya mawe. Njia nyingine zimetandikwa mawe, nyingine ni mawe yenyewe jinsi Mungu alivyoyaacha. Ikishanyesha, yale mawe yanateleza kama sahani yenye mafuta. Jirani yangu ana IST, gari zuri, linabana mafuta ajabu, lakini siku za masika analiacha chini kwenye lami anapanda kwa miguu na viatu mkononi. Forester linagawa nguvu kwenye matairi yote manne muda wote, hubonyezi kitufe chochote, unapanda taratibu huku unaongea na simu ya mke wako (kwa spika, jamani). Chini lina nafasi ya kama sentimita ishirini. Angalizo hapa: likiandikwa Cross Sports nyuma, hilo limelala chini zaidi. Ni zuri kwa lami ya Capri Point. Kwa Bugarika, utaacha bampa njiani.

Barabarani ndiko linakonimaliza. Injini yake imelala, pistoni zinakwenda kushoto na kulia kama mabondia wawili, kwa hiyo uzito umekaa chini. Ukiingia kona ya haraka huoni ile hali ya kuinama kama unataka kumlalia abiria. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 nimekwenda Geita mara nne bila shughuli yoyote ya maana. Zamani pale Kigongo ulizima gari, ukanunua karanga, ukasubiri kivuko na stori za watu wa Sengerema. Leo kilomita tatu juu ya maji zinakwisha kabla sijamaliza wimbo mmoja. Karanga nimezikosa, nakiri.

Lakini usidanganywe na nyota za mbele. Lita 2.0 bila tabo, gia nne, watu watano na gunia la dagaa la soko la Mwaloni nyuma: ukitaka kulipita semi kwenye mwinuko, fanya hesabu kwanza. Safari ya Dar, pale mlima Sekenke, lilikuwa linanguruma kama simba na kutembea kama ng'ombe. Mafuta mjini linanipa kilomita nane au tisa kwa lita, safari ndefu kumi na moja, nikijitahidi sana kumi na mbili. Sisi wa Kanda ya Ziwa bei ya lita kwetu ni kubwa kuliko ya watu wa Dar kwa sababu ya usafiri, kwa hiyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakitangaza bei, mimi husoma kama matokeo ya mtoto. Na kuhusu dagaa: funga gunia ndani ya nailoni mbili. Harufu ile haitoki kwa sabuni wala kwa maombi.

Sasa stika.

Mwezi wa pili tangu nilinunue, nililipeleka kwa fundi wangu kule Nyakato kubadili oili. Akafungua boneti, akainama, akakaa kimya. Fundi anayekaa kimya ni gharama.

"Boss, hebu njoo usome hapa."

Kwenye kava la mkanda wa taimingi (ule unaopanga vali zifunguke kwa zamu na pistoni) palikuwa na kijikaratasi cha Kijapani kilichofifia, kimeandikwa kwa kalamu. Mimi nikaona maandishi tu.

"Si namba ya spea hiyo?"

"Hiyo ni siku waliyobadilisha mkanda, na kilomita. Soma kilomita."

102,450. Mwaka umeandikwa 26, kwa kalenda yao ya Heisei, yaani 2014. Gari langu mwaka 2014 likiwa kwao Japani lilishapita laki moja na elfu mbili, na mwaka 2022 likiwa Mwanza lilikuwa na elfu tisini na sita. Limekuja Afrika likarudi ujana. Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mimi nilicheka baadaye sana.

Kwa nini naing'ang'ania hadithi hii? Kwa sababu injini hizi za EJ20, kama ya langu, hazina chaini, zina mkanda, na mkanda huo unabadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali zinakutana na pistoni, na hapo hununui mkanda tena, unatafuta injini. Kwa hiyo mtu anayerudisha kilomita kwenye Subaru hakuibii bei tu. Anakuficha tarehe ya kifo. Tulibadilisha siku ya pili yake: mkanda, rola zake, tenshena inayoukaza, na pampu ya maji kwa sababu inakaa humo humo na mkanda ndio unaoizungusha. Mkanda wa zamani ulipotoka ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba.

Tangu siku hiyo, nikiitwa kuangalia gari, kilomita za dashibodi nazisoma mwisho. Kwanza natazama raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari la elfu tisini pedali haiwezi kuwa imelika mpaka chuma. Kisha nasaka stika za Kijapani kwenye injini na kwenye fremu ya mlango wa dereva, maana mafundi wao huandika kila wanachobadilisha, na madalali wetu wanasafisha injini kwa presha wakidhani ni uchafu. Ukiagiza mwenyewe toka Japani, cheti chao cha kufuta usajili kinaonyesha kilomita. Omba uone nakala kabla hujatuma hata senti.

Injini kuchemka nako kumenikuta. Mwenye gari wa kabla yangu alikuwa akijaza maji ya bomba kwenye rejeta, rangi ilikuwa kama chai ya rangi. Gereji moja ya mjini, si ya fundi wangu, ikayamwaga ikaweka kulanti mpya (maji maalumu ya kupoza injini) bila kutoa hewa. Subaru haitaki hewa kwenye mfumo wa maji. Wiki moja baadaye naelekea Musoma, nimeshapita Magu, karibu na Lamadi, saa nane mchana, mshale ukapanda. Nikazima, nikasubiri saa nzima chini ya mti huku kijana mmoja ananishauri nifungue mfuniko wa rejeta. Usimsikilize kijana huyo, popote utakapomkuta. Nilijaza taratibu likiwa limepoa, nikarudi Mwanza kwa spidi ya bibi harusi. Gasketi, ile inayozuia maji yasichanganyike na moto ndani ya injini, ilipona, sijui kwa dua ya nani. Wewe ukienda kununua, liwashe mpaka lipate moto kabisa, kisha tazama chupa ya maji ya akiba. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, msalimie dalali uondoke.

Matairi. Mwaka wa kwanza nilinunua mawili mapya ya mbele, nyuma nikaacha ya zamani, kama tunavyofanya kwenye Corolla. Kwa hili ni kosa. Matairi yakitofautiana kimo, mfumo wa kugawa nguvu unafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka na unaharibika mapema. Kipimo chake ni rahisi na bure: tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole duara zima. Likiwa linagoma na kurukaruka kama linavuta breki lenyewe, mgawanyo una shida. Mwenye gari atakuambia "ndivyo zilivyo Subaru." Sivyo zilivyo.

Na tazama limekaaje kwa ubavu. Baadhi ya SG nyuma zina shokapu zinazojinyanyua zenyewe ukipakia mzigo. Zikichoka, gari linakaa matako chini kama mbwa. Bei yake niliyotajiwa ilinifanya nikunje karatasi nikaiweka mfukoni bila kusema neno. Nilifunga za kawaida na springi zake, limesimama vizuri.

Watu huniuliza pia kama naenda kwenye maonesho ya magari. Forester lenyewe lilizaliwa maonyeshoni: Tokyo mwaka 1995, likiitwa Streega, kisha likaingia sokoni Japani 1997. Sisi maonesho ya Tokyo tunayatazama kwenye simu, na ukiyatazama vizuri ni orodha ya vitu ambavyo dalali wa Mwanza atakuwa anakuuzia mwaka 2040 akiapa havijawahi kugongwa. Sabasaba ya Dar nimekwenda mara mbili. Magari yanang'aa, watu wanapiga picha na skrini. Mimi hupiga magoti nikatazama chini: bomba la moshi limepita wapi, sahani ya kulinda injini ni ya chuma au plastiki. Nilimuuliza kijana mmoja wa pale shokapu ya gari lake inapatikana Mwanza au mpaka Dar. Akanipa kipeperushi. Nanenane yetu ya Nyamhongolo naipenda zaidi, hata kama ni matrekta mengi, kwa sababu pale muuzaji anaulizwa na mkulima, na mkulima haondoki na kipeperushi.

Je, ununue? Kama unaishi mlimani na una fundi anayeijua Subaru kweli, ndiyo, ila chukua lililopo nchini. Kuagiza gari la 2006 leo ni kulipa kodi kuliko gari: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, halafu linapigwa kwa uzee kwa kuwa limepita miaka kumi. Ingiza namba kwenye kikokotoo cha TRA ukiwa umekaa. Ukiwa na pesa zaidi, panda SH, kizazi kinachofuata, zile za kuanzia 2008, na ukipata za mwishoni mwa 2010 kwenda mbele zenye injini ya FB20, hizo zina chaini, hadithi yangu ya mkanda haikuhusu. Kama safari zako ni Buzuruga hadi mjini na kurudi kwenye foleni, nunua IST ulale.

Wiki iliyopita mtu wa Igoma alikuja kunipa milioni tisa na nusu. Mama watoto akasema uza, mimi nikasema bado. Lakini tulipofungua boneti nilimwonyesha ile stika ya Wajapani, na pembeni yake ya kwangu niliyoibandika Juni 2022: tarehe, mkanda mpya, dashibodi 97,310, na chini kwa herufi kubwa, KILOMITA ZA DASHIBODI SI ZA KWELI. Alisoma zote mbili, akaniangalia, akapunguza ofa yake kwa laki tano.