Uzoefu wangu na Elementary: epsodi ya mwisho ya sizoni ya 3 imenishika pabaya

Jamani kama hujaangalia Elementary mpaka mwisho wa sizoni ya 3 ishia hapa hapa, maana nataka kuongelea epsodi ya 24, inaitwa A Controlled Descent, na hii siwezi kuielezea bila kusema kilichotokea. Ilirushwa Marekani Mei 2015, mi nimeipata juzi juzi tu baada ya kujaziwa sizoni zote kwenye flashi, na tangu niimalize nyumbani kwetu na kijiweni tunabishana kila siku, kila mtu na lake, ndo maana nikasema niandike.

Kwa ambao hawaijui kabisa, ni tamthilia ya kipelelezi ya CBS, televisheni ya Marekani, ilianza 2012 ikaisha 2019, ziko sizoni 7 na epsodi 154 kwa hiyo jiandae kukaa. Mhusika ni Sherlock Holmes yule yule wa hadithi za Conan Doyle ila huyu yupo New York ya sasa hivi, anaishi Brooklyn kwenye nyumba ya baba yake, anafuga nyuki juu ya paa na kobe ndani anaitwa Clyde. Anachezwa na Jonny Lee Miller. Watson hapa ni mwanamke, Joan Watson, ndo Lucy Liu, alikuwa daktari wa upasuaji mgonjwa akamfia mikononi akaacha udaktari, akaingia kazi ya kukaa na watu waliotoka kwenye tiba ya madawa ili wasirudi, na baba yake Sherlock ndo aliyemlipa aje akae na mwanae. Kwenye hadithi za zamani Holmes alikuwa anajidunga kokeini na inapita hivi hivi kama tabia tu ya mtu mwenye akili nyingi, lakini hawa waliotengeneza Elementary wakasema hapana, huyu alikuwa anakula unga, heroini kabisa, ikamwangusha, na maisha yake yote tunayoyaona ni maisha ya mtu anayepambana asirudi. Robert Doherty aliyeitunga aliushika huo uzi toka epsodi ya kwanza na hakuuachia.

Na nikwambie kitu kilichonifanya niiheshimu toka sizoni ya 1, kuna epsodi Sherlock anatimiza mwaka bila kutumia, watu wanataka wampe ile medali ndogo wanayopewa kwenye mikutano ya waraibu wanaoacha, yeye anaikwepa kwepa, mwisho anamwambia Watson kwamba ile tarehe wanayoihesabu sio, kuna siku alitumia tena wakati tayari ameshaingia tiba na hakumwambia mtu. Aliyeishi na mtu wa hivi anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Tarehe kwao sio mchezo.

Sasa Alfredo. Huyu ndo sponsa wake, yaani yule mwenzio aliyetangulia kuacha ambaye unampigia simu hata saa nane usiku ukibanwa na hamu. Anachezwa na Ato Essandoh, yule jamaa mwenye asili ya Ghana. Alfredo zamani alikuwa mwizi wa magari, alivyotulia makampuni yakawa yanamlipa ajaribu alamu za magari yao, basi anamletea Sherlock magari amfundishe kuyafungua, wanakaa nje usiku wanahangaika na alamu huku wanaongea mambo mazito bila kuangaliana usoni. Hizo sini mi nazipenda kuliko hata kesi zenyewe. Epsodi chache kabla ya hii ya mwisho Alfredo anamwambia sitaki tena kuwa sponsa wako, nataka tuwe marafiki. Sherlock anachanganyikiwa kabisa, maana Sherlock hajui rafiki wa kawaida anatumikaje, ila sponsa anajua anatumikaje.

Halafu inakuja hii epsodi, Alfredo anatekwa. Aliyemteka ni Oscar, Michael Weston kacheza mpaka nikamchukia mwenyewe, teja aliyekuwa anakula unga na Sherlock enzi hizo, tulishamwona kidogo huko nyuma. Sharti lake linasikika rahisi, dada yangu Olivia amepotea, nisaidie kumtafuta, ukimpata nakwambia Alfredo yuko wapi, na usiwashirikishe polisi. Basi Sherlock anatembea na Oscar siku nzima kwenye maskani za wala unga, vijumba vile vichafu, watu waliolala chini, sindano, wakati Watson na wenzake polisi wanamtafuta Alfredo upande wao. Mwisho Sherlock anampata Olivia, kashakufa, unga umemzidi. Na hapo ndo anagundua kwamba Oscar alikuwa anajua toka mwanzo kwamba dada yake amekufa. Hakukuwa na mtu wa kutafutwa. Safari yote ile ilikuwa ni kumrudisha Sherlock kwenye njia za zamani, anuse ile harufu, aone zile sura, mpaka mwisho kuna kikopo kidogo cha bati kiko mbele yake na mzigo ndani. Na Alfredo kashapatikana mzima! Yaani hakuna tena anachodaiwa, angeweza kuondoka zake. Anampiga Oscar vibaya sana, halafu anainama, anakiokota kile kikopo. Hatuonyeshwi kingine. Inakuja siku kadhaa baadae yuko juu ya paa amekaa kwenye kiti, Watson anampandia kumwambia baba yake amepata habari na anakuja. Basi, sizoni imeisha.

Hapo sebuleni palichafuka. Shemeji yangu akasimama kabisa, anasema sizoni tatu nzima mtu anajitahidi halafu wanamtupa shimoni dakika ya mwisho, wametuchezea. Binamu yangu yeye lalamiko lake lilikuwa lingine, anasema adui wa mwisho wa sizoni lazima awe mkubwa, tumetoka kwa Moriarty mtu mwenye akili ya kutisha tunaishia kwa Oscar, teja mmoja hana hata senti, anammalizaje Sherlock Holmes. Kijiweni nako kuna jamaa anashikilia kwamba Sherlock hakutumia, kwa sababu hawakuonyesha, na ukimwambia aangalie uso wake pale kwenye paa anakwambia uso sio ushahidi. Jirani yetu mmoja mama mtu mzima ambaye hata Kiingereza chake cha kuunga unga alikaa kimya muda mrefu akasema tu, huyo kijana alikuwa na rafiki wawili, mmoja wa kumtoa mmoja wa kumrudisha, na wote walimuita rafiki.

Mi nakataa alichosema binamu na nakikataa kwa nguvu zote. Oscar ndo adui mkubwa kuliko wote kwenye sizoni hii kwa sababu ni mdogo. Moriarty unamuona anakuja. Oscar anakuja na shida yake, anakuja na dada aliyepotea, anakuja na maneno ya sisi tulikuwa wote bwana usijifanye, na unga wenyewe haukulazimishwa kwa Sherlock hata mara moja, hakuna aliyemshika mkono akamdunga. Kinachotokea ni kwamba amerudishwa kwenye watu, sehemu na vitu, hivyo vitatu ndo wanavyofundishwa kuvikwepa kwenye mikutano ya waraibu na huku kwetu kwenye soba hausi, zile nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha, wanafundishwa hivyo hivyo, watu, sehemu na vitu. Waandishi wamechukua hayo mambo matatu wakayatengenezea mtego wa epsodi nzima, na wamemfunga nao kwa kutumia urafiki, maana Sherlock hakwenda kule kwa tamaa, alikwenda kumuokoa Alfredo. Jambo zuri kabisa alilojifunza akiwa msafi, kumjali mtu mwingine, ndilo lililomvuta mpaka pale. Hapo ndo niliposema hii sizoni imeandikwa na watu wanaojua wanachoongea.

Mdogo wangu naye alikuwepo tunaangalia. Yeye alikula unga miaka mingi, akapita soba hausi, akarudi, sasa hivi yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi anaenda kituoni anakunywa dozi yake kwenye kikombe mbele ya nesi ndo anaenda kwenye mishe zake (huduma hii hapa Dar ilianzia Muhimbili 2011, na bila hiyo sijui kama leo ningekuwa nakaa nae kuangalia sizoni). Mi nilikuwa naogopa zile sini za maskani zitamvuruga, nikawa namwangalia yeye kuliko tivii. Hata hakujali sana sindano. Kilichomkera ni Oscar anavyoongea. Mapema kabisa kabla hatujajua chochote kuhusu dada mtu, akasema huyu anadanganya, nikamuuliza umejuaje, akasema mtu anayemtafuta ndugu yake kweli hawezi kuwa na nafasi ya kukukumbusha mlivyokuwa mnakula zamani. Akaendelea, kwamba wale wa maskani ukiacha hawakuchukii kwa sababu umewakosea, wanakuchukia kwa sababu umewaonyesha kwamba inawezekana, na hapo inabidi wakurudishe ili wao wapumue. Epsodi ilivyofika mwisho Oscar anajifungua moyo, ni kitu hicho hicho, dada yake kamfia na yeye yuko vile vile, halafu anamwona Sherlock anavaa vizuri anasifiwa na polisi, hawezi kuvumilia. Hakuna aliyebishana na mdogo wangu baada ya hapo, hata binamu.

Kuna hili la kumlaumu Watson nalo nimelisikia sana, eti alikuwa wapi, kazi yake si ndo hiyo. Kwanza kazi hiyo alishaiacha zamani, kufika hapa yeye ni mpelelezi na ni rafiki. Pili, siku hiyo alikuwa anamtafuta Alfredo, na Alfredo alipatikana, yaani alifanya kile hasa ambacho rafiki yake alikihitaji. Sisi familia tunapenda kufikiri kwamba tukikesha mlangoni mtu hatatoka. Anatoka. Na akitoka sio kwamba wewe ulilala. Sini ya kwenye paa Watson hapigi kelele, halii, hamuulizi kwanini, anapanda anampa taarifa anayotakiwa kuijua na anabaki pale. Lucy Liu hapo kacheza kwa kunyamaza, rudia uangalie uso wake. Na nawaomba wale wanaouliza hawa wawili wataoana lini waache, mpaka sizoni ya 7 inaisha hawakuwa wapenzi, ni marafiki, na ndo sababu sini hii ina uzito, kwa sababu hana cha kupata kwa Sherlock zaidi ya Sherlock kuwa mzima.

Mapungufu yapo. Alfredo ndo kiini cha epsodi lakini muda mwingi hatumwoni, nilitaka sini moja tu ndefu yeye na Sherlock baada ya kupatikana, maana yule ndo aliyetekwa na yeye pia ni mraibu anayejilinda, yeye alilala vipi usiku ule? Pia hii epsodi ukiiangalia peke yake utadhani njia ya kuacha ni mikutano na sponsa tu, dawa kama methadoni hata hazitajwi, na mtu wa huku kwetu anaweza kuona kama ndugu yake anayekunywa dozi hajaacha kweli, jambo ambalo sio sahihi na linawaumiza sana wale wanaotumia. Halafu Kiingereza cha Jonny Lee Miller kinakimbia na maneno magumu, mi sijawahi kuiona iliyotafsiriwa na madije wetu, kwa hiyo weka maandishi chini, utakosa mambo mengi bila hivyo.

Ushauri wangu kwa anayeanza, usirukie hii epsodi hata kama umesikia sifa zake. Kesi za katikati nyingine ni za kawaida tu, unaweza kuangalia huku unapika, lakini zile zinazomgusa Alfredo na zile za mikutano usizipite, ndo zinakujengea. Kama una mtu nyumbani aliyeacha au anayejaribu kuacha, mwambie kabla kwamba kuna maskani na kuna vifaa vinaonyeshwa, aamue mwenyewe, na rimoti mwachie yeye. Na ukimaliza usikae na ile hasira ya shemeji yangu, anza epsodi ya kwanza ya sizoni ya 4 hapo hapo, maana huko ndo unaona gharama yenyewe, kesi ya kumpiga Oscar iko juu yake, kazi ya polisi yeye na Watson wamepoteza, na baba ametua mjini, John Noble, na huyo baba nae ana yake mengi. Mi epsodi hii naipa 5 kwa 5. Sizoni ya 3 kwa ujumla 4, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya Alfredo.