Usirudishe santuri hii dukani: There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone

Ukiinunua kwa kuwa uliipenda Stand!, albamu ya mwaka 1969 ya kundi hilihili la Marekani, utadhani umeuziwa santuri mbovu. Tarumbeta ya Cynthia Robinson na saksafoni ya Jerry Martini zimerudi nyuma, waimbaji wanasikika kama wako chumba cha pili, na chini ya yote kuna mlio wa "shhh" usiokatika. Hivyo ndivyo albamu ilivyotoka Novemba 1971. Sly Stone, kiongozi wa kundi, alirekodi, akafuta, akarekodi tena juu ya kanda ileile mara nyingi mno, hadi sauti za juu zikachakaa.

Kujua kama nakala yako ni nzima, sikiliza aina ya kelele. "Shhh" iliyotulia ni ya kanda, na ipo hata kwenye nakala mpya. Milio ya "tak, tak" ni vumbi au mikwaruzo: safisha kwanza, na ikibaki palepale, hiyo ndiyo sababu ya kudai pesa zako. Usishangae pia kuona wimbo uliobeba jina la albamu umeandikiwa urefu wa 0:00 mwishoni mwa upande wa kwanza. Hakuna kilichokatwa, ni kimya kilichowekwa makusudi.

Kosa la wengi ni kushusha trebo (sauti za juu) ili "shhh" ipungue. Ukifanya hivyo unaifukia Maestro Rhythm King, mashine ya ngoma yenye midundo iliyopangwa tayari, na uzuri wote uko hapo. Katika Family Affair inatembea bila kuchoka, tik-tok, huku kinanda cha umeme cha Billy Preston kikichelewa kidogo nyuma yake na Sly akiimba kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka kuamka. Wimbo huo ulishika nambari 1 Marekani. Acha trebo katikati, ongeza besi kidogo, na usitumie spika ya simu, maana besi yote itapotea.

Wa mwisho, Thank You for Talkin' to Me Africa, unapita dakika 7. Kabla yake tafuta toleo la kwanza la wimbo huo, Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin), la mwisho wa 1969, ambalo halimo kwenye Stand! bali kwenye Greatest Hits ya 1970. Humo mpiga besi wa kundi, Larry Graham, anagonga uzi wa besi kwa gumba kisha anaufyatua kwa kidole, na kila pigo linaruka. Halafu rudi kwenye hili la 1971: maneno ni yaleyale, lakini mwendo unajikokota.